Profesa Kutu, Sehemu ya Kumi na Tisa

Shilingi mia mlangoni, ndala mkononi,
tukajibana kwenye kibanda umiza cha Mtoni kwa Azizi Ali,
jenereta likikohoa nyuma ya mabati,
na kwenye runinga, inchi ishirini na moja,
pembe moja imeoza kijani,
akaingia yeye:
roboti mwenye koti jeupe la maabara,
kichwa cha kioo kilichopasuka,
vidole kumi na viwili, kila kidole kifaa.

Kwao aliitwa kwa herufi na tarakimu.
Pazi Mwinshehe, mtafsiri wetu,
maiki yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
alisema jina lile halitamkiki na njaa,
akamwita Profesa Kutu.

Sehemu ya kwanza walimlipua.
Ya tatu wakamuuza kwa kilo, chuma chakavu.
Ya saba wakamchomoa kumbukumbu,
akaanza upya, moja, mbili, kama mtoto wa chekechea.
Ya kumi na moja hatukuiona, petroli iliisha.
Mpaka leo sijui alifikaje kwenye ule mwezi
bila mguu wa kushoto.

Lakini kila aliporudi, alirudi na swali lilelile,
na Pazi, akishachoka kutafsiri, alilitia vina:

Nimepima na vipimo, jua na mwezi na nyota,
Nikashuka kwenye shimo, giza nikalipepeta,
Ila chozi sina somo, chumvi yake natafuta,
Aliyeitia humo, ni wapi kaiokota?

Tulipiga benchi makofi.
Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama vidole.
Kabla hajaifungua mashine yoyote,
adui au rafiki, chombo cha angani au saa ya ukutani,
aliinama akaiambia:
Samahani, nakufungua.

Basi nikaanza na redio ya mama.
Samahani, nakufungua.
Nikapigwa, maana haikufungika tena.
Kisha pasi ya jirani, kisha feni ya madrasa,
kisha chuo, Chang'ombe, msichana peke yangu
kati ya wavulana thelathini na risasi ya kulehemu.

Mwaka jana nilizipata zote kumi na tisa,
sauti yao ya asili, safi, bila jenereta.
Nikaketi na chai, nikasubiri.
Profesa akainama juu ya ile mashine.
Kimya.
Nikarudisha nyuma. Kimya.
Sehemu ya pili, ya tano, ya tisa:
anainama, taa ya kifuani inawaka, inazima,
anafungua.
Hana samahani. Hana chozi. Hana swali.
Anatafuta betri tu, miaka yote ile,
betri.

Nikacheka peke yangu chumbani mpaka chai ikapoa.
Pazi, muongo wewe!
Nusu ya mwanasayansi yule uliichonga mwenyewe,
pale Mtoni, kwa koo lililokauka
na glasi ya juisi ya miwa uliyokopa.
Nilikwenda kukuuliza.
Kibanda sasa ni duka la vigae.
Wanasema ulihamia Chalinze, wanasema Lindi,
wanasema sauti ilikukatika, unauza vocha
kwa kuonyesha vidole.

Sehemu ya ishirini inakuja, mabango yameshabandikwa Posta.
Wamempa kichwa kipya, hakina ufa.
Watoto wangu wataitazama.

Mimi niko Temeke, saa nane za usiku, wodi ya watoto wachanga.
Mashine ya oksijeni imegoma kwenye kitanda cha nne,
muuguzi anasukuma hewa kwa mkono,
mama wa mtoto amesimama karibu na dirisha,
hafuti uso wake.
Napiga goti. Bisibisi iko mdomoni, naitoa.
Samahani, nakufungua.

Tumsifu, kijana wa mazoezi, ananishikia tochi.
Fundi, anauliza, unaongea na nani?

Inua tochi, namwambia.
Juu kidogo.
Hapo.