Swali la Kumi na Nne

Jumatano, Ibra. Wanawake wameshateremka sokoni,
na mie nimekaa barazani kwa Bi Rayya binti Humeid
na kisanduku cha barafu miguuni, kama muuza samaki.

Fomu ni ya Kiarabu. Yeye anajibu Kiswahili,
kile cha Ng'ambo, cha kuvuta maneno,
nami naandika kutoka kulia kwenda kushoto
alichokisema kutoka kushoto kwenda kulia.

Umewahi kuumikwa?
"Mara saba."
Kuchomwa chuma cha moto kwa maradhi ya manjano?
Anapandisha mkono wa kanzu: alama mbili,
nyeusi, kama mbegu za papai.
Wembe wa kuumikia ulikuwa wa nani?
"Wa mtaa mzima. Kwani mtu hununua wake?"

Swali la kumi na nne:
nani nyumbani kwenu alikufa kwa ini?

Anakisukuma kikombe cha kahawa.
"Kwa ini hakufa mtu. Kaka zangu walirogwa."

Azzan, tumbo lilijaa maji, shati likawa halifungi.
Muhenna, macho rangi ya bizari,
alitapika damu Idi pili, juu ya mkeka mpya.
Na mchawi alijulikana:
Thinaya, mke mwenza wa mama.
Mchana kutwa akipika halua,
na halua yake haikuliwa na mtu miaka thelathini na minane.
Watoto tuliwafunza kumpita ng'ambo ya falaji.
Alipokufa, wakoshaji walitoka mji mwingine.

Niliandika: *ndugu wawili, sababu haijulikani.*
Nikamtoa damu.

*

Maskati, friza ya maabara, digrii themanini chini ya sifuri.
Mirija mia kumi na mbili, namba bila majina, ndilo sharti.
Lakini mia nne na kumi na saba
nilikuwa nikiusikia ukivuta maneno.

Homa ya ini, aina ya B. Ya zamani, imelala.
Ya binti zake wawili, hiyo hiyo.
Dakta Zahran akachora mti,
matawi yote yakarudi kwenye duara moja.

*

Nilimwambia kwa Kiswahili. Kiarabu kingenificha.
Mama hakujua, Bi Rayya. Mama alikuwa mzima hadi uzeeni.
Kimevuka siku ya kuzaliwa, ndani ya damu,
kabla hata hamjaadhiniwa sikioni.

Alinyamaza. Kiyoyozi kikakohoa.
"Na Thinaya?"
Thinaya hayumo.
"Hayumo wapi?"
Nikamwonesha karatasi. Hapa. Hayumo popote.

Nikaendelea: kidonge kimoja kila siku,
picha ya ini kila miezi sita, wajukuu wapimwe, wachanjwe...
Alikuwa anatafuta viatu.

*

Geti la chuma, kijani, rangi imebanduka.
Shinuna binti wa Thinaya amesimama kizingitini,
Bi Rayya amesimama juani
na bakuli la halua ya dukani, zafarani juu,
anasema aliyokuja kuyasema, vibaya,
anaanza mwisho, anarudi mwanzo,
anataja mti, anataja damu, anamtaja mama yake mwenyewe
na hapo sauti inakatika.

Zipo habari za kukata maini.
Sie tuliyakata ya mtu miaka thelathini na minane,
ini lake likiwa zima.

Shinuna hakulipokea bakuli.
Alilitazama tu.
"Mamangu alikuwa akipika bora kuliko hii."

Kisha akanigeukia mie, na kisanduku changu.
"Hiyo sindano, ni ya watu wangapi?"
Ya mtu mmoja, bibi. Halafu inatupwa.
"Nioneshe ukiifungua."

Nikaichana karatasi mbele ya macho yake.
Akakaa kwenye ngazi, akakunja mkono wa kanzu.
Fumba ngumi, nikamwambia.
Akafumba.
Bi Rayya bado amesimama juani,
halua inaanza kuyeyuka pembeni,
hajaambiwa aingie, hajaambiwa aende.