Mgongo wa Kalenda

Kalenda ya mwaka jana ya duka la Rubeya
ina mgongo mweupe. Nimeipigilia ukutani, uso ndani,
nikachora juu yake miaka mitatu kwa penseli,
maana mambo ya ada hayaandikwi kwa wino.

Muhula wa kwanza: Anatomia, Stadi za Mawasiliano,
na Kompyuta, chumba cha mashine tisa, zinazowaka nne.
Muhula wa pili: Epidemiolojia.
Hapo nimeweka nyota. Chuo kikuu wanaitaka hiyo,
tena wanaitaka na B, si na "nilijitahidi".

Mwalimu Ntakije wa taaluma alivua miwani:
"Butoyi, stashahada si ngazi. Ni ungo.
Wakiupepeta kule juu, nusu ya ulichosoma itapeperuka.
Weka punje."

Nikausoma mwongozo wa udahili mstari kwa mstari
kama mtu anayechambua mchele wa mkopo.
Jiwe nikalikuta ukurasa wa hamsini na mbili:
Hisabati, kidato cha nne, angalau D.

Mimi nina F.
Nina daraja la nne, pointi ishirini na tisa,
daraja ambalo chini yake hakuna mto
na juu yake hapiti mtu.

Lakini mwaka ule wa kuhara, Kibirizi,
nani alihesabu? Daftari la mistari, kaya kwa kaya:
waliochota kisima cha karibu na mwalo,
waliochota bomba la Gungu.
Vijiti vinne, cha tano nikivifunga kama kuni,
na matita ya kisima yakajaa kurasa mbili
kabla gari la wilaya halijapanda kilima.
Kisima kikafungwa mnyororo.
Siku hiyo hakuna aliyeuliza nilipata nini Hisabati.

Wala simlaumu anayeuliza leo.
Kipimo ni kipimo. Hata dawa ya maji,
ukiikadiria kwa jicho, unaua au unadanganya.

Basi nimefuta, nimesogeza.
Lishe imetoka muhula wa tatu; itaningoja.
Jumanne na Alhamisi, mawese ya mama yakishapimwa
chupa kwa chupa,
ni vipeo na milinganyo kwa Havyarimana,
mtoto wa kidato cha tatu, mwalimu wangu,
anayenitoza maandazi mawili kwa kila sura
na kunicheka bure.

Novemba nitakaa na rika lake,
mtahiniwa binafsi,
magoti yakigonga dawati.

Mama anapita na tochi ya simu, anamulika ukuta.
"Mishale yote hii! Na huu unaotoka nje ya karatasi?"

Karatasi iliisha, mama, kabla ya shahada.
Nimeuendeleza kwenye chokaa, hadi pale dirishani.
Mwenye nyumba akiuliza,
mwambie ni ufa.