Nyundo ya Baba

Nimelala chali juu ya katoni
chini ya basi la alfajiri la kwenda Likasi.
Tope la Ruashi linanidondokea shingoni.
Nyundo ni ndogo, mpini wake umechimbika
mahali pa kidole gumba cha marehemu baba,
aliyegonga magurudumu ya treni pale stesheni
hata miaka ile treni zilipoacha kuja.

Alisema: chuma kizima kinaimba,
chuma kilichochoka kinakohoa.
Usikiulize mara mbili.

Nagonga nati za springi.
Ya kwanza, ngii.
Ya pili, ngii.
Ya tatu, kho.

Juu yangu sakafu imejaa miguu.
Mtu anaburuta gunia la unga,
mtoto anapiga visigino,
na mama mmoja anasema, kwa sauti nimsikie:
"Huyu wa serikali anatafuta tu pesa ya bukari."
Simlaumu. Walinitangulia wengi
waliokagua mfuko wa dereva
wakabandika karatasi kwenye kioo.
Karatasi haishiki breki.

Mwenye gari, Bwana Tshikala, namjua kwa viatu.
Vimesimama karibu na sikio langu, vimepakwa kiwi,
kisha bahasha inateleza kwenye saruji
kama barua chini ya mlango.
"Mama Mwilambwe, ni lami tupu hadi Likasi.
Gari hili linajua njia."
Naisukuma irudi kwa ncha ya nyundo.
Hata mbuzi, mukubwa, anaijua njia ya buchani.

Wanashuka. Natukanwa kwa Kiswahili, kwa Kiluba,
kwa Kifaransa cha shuleni.
Kijana mmoja hatukani; ana mtihani saa tatu,
kalamu mbili mfukoni, ananitazama tu.
Huyo ndiye ninayekwenda naye nyumbani.

Maana sina cha kumwonyesha.
Ajali isiyotokea haina shahidi,
haitangazwi redioni,
haina hata mahali pa kuweka maua.

Katuba, usiku, nasugua mikono kwa majivu.
Grisi inabaki kwenye kucha.
Nagonga sufuria kwa mwiko, nasikiliza,
binti yangu ananicheka.

Kesho yake basi ni lile lile.
Nati za springi zinang'aa, mpya kabisa,
isipokuwa ya tatu:
hiyo imepakwa rangi ya fedha,
bado mbichi, imebaki kidoleni mwangu.

Viatu vya kiwi vinasogea.
Nyundo iko wapi.