Tisa Kasorobo

Ubao umesimama baina yetu juu ya mnara wa Kigomasha,
mimi upande huu na darubini, Faki upande ule,
tusisemezane, tusikonyezane,
kila mtu aone kwa jicho lake.
Faki akiona, hukohoa.
Nimemwambia: kikohozi chako chaharibu hesabu.

Nyangumi mwenyewe hatumwoni. Twaona pumzi yake,
mvuke mweupe unaosimama, ukainama, ukapotea,
kisha mgongo, kisha si chochote,
dakika kumi, kumi na mbili, za maji matupu
ambayo si matupu.

Zamu ikiisha twafungua madaftari.
Saba wangu. Watano wake.
Wanne tumewaona sote, dakika ileile, pembe ileile.
Saba mara tano, gawa kwa nne:
hivyo ndivyo wasioonekana huingia kitabuni,
kwa mlango wa walioonekana mara mbili.

Mama hukadiria karafuu zingali mtini.
Huuzunguka mkarafuu wa watu, kimya,
huvunja kishada kimoja, hukipitisha kidole gumba,
husema: pishi kumi na mbili. Mwenye shamba huapa ni ishirini.
Hajapata kukosea kwa zaidi ya pishi moja,
wala hajapata kuniambia anafanyaje.

Lakini mama aujua mti ulivyozaa mwaka jana.
Mimi nilichoachiwa ni vitabu vya meli za wawindaji,
navyo vilihesabu mapipa.
Mapipa ya mafuta, tena mengine yameandikwa kwa uongo,
ndama wakaitwa wakubwa, majike wakaitwa madume.
Wakubwa wa ofisini wataka kujua: wamerudi nusu? Wamerudi robo?
Nusu ya nini?

Nafika nyumbani, mama yu jikoni, akuna nazi.
"Wangapi leo?"
"Tisa kasorobo."
Akachungulia jua mlangoni.
"Sikuuliza saa, Mize. Nimeuliza nyangumi."
Nikamweleza yote, ubao, kikohozi, gawa kwa nne.
Mbuzi ya nazi ikatulia.
"Na hiyo robo, kaichukua nani?"

Nimeandika kwa wino. Pembeni, kwa penseli:
huenda wamezidi wawili, huenda hata mmoja hakuzidi
ya wale wanane tuliowaona kwa macho yetu.
Mama akaniongeza mchuzi.
"Andika tisa, mwanangu. Nani atakushitaki?"
Nikasema siwezi.
"Basi kesho mtazame vizuri
huyo aliyepungua."