Mdomoni

Wengine huachiwa kihamba.
Mimi Aminieli aliniachia samaki arobaini na mmoja,
tangi la zege tulilooshea kahawa enzi za bei,
na daftari la jalada la kijani
alimoandika, kwa mwandiko wa karani wa ushirika:
*Usichanganye.*

Ni perege, perege wa maji haya,
si sato.
Sato alikuja kwa gari, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa,
mgeni mnene, mchangamfu, mwepesi wa kuoa.
Hakumuua mtu. Aliposa tu.
Na kila bwawa lililomkaribisha, mwaka wa tatu
hapakuwa na mtoto hata mmoja
aliyefanana na bibi.

Aminieli aliwatafuta juu ya Rau,
kwenye mfongo uliosahauliwa,
ambako banio lilibomoka na sato hakuweza kupanda.
Alirudi na ndoo mbili na homa.
Nikamwambia, mwanamume mzima,
unaugua kwa ajili ya kitoweo?
Neno hilo ningelirudisha,
lakini lilishatoka.

Tangu tumzike, kila Jumamosi najaza daftari.
Safu ya chakula: pumba, konzi mbili.
Safu ya watoto: sifuri.
Sifuri. Sifuri.
Jirani yangu Ndekirwa hunyoosha shingo juu ya ua:
"Mama, hawa wanaliwa lini?"
Namjibu, kesho.
Mwaka wa pili sasa namjibu kesho.

Usiku ule umeme ulikatika Pasua, Majengo, Njoro,
mpaka huku kwetu Rau.
Pampu ikakohoa, ikanyamaza.
Kimya kile nilikisikia usingizini
kama mama anavyomsikia mtoto aliyeacha kulia ghafla.
Nikatoka na tochi.
Walikuwa juu wote, midomo nje,
wakiitafuna hewa.

Nikachukua jagi.
Chota, inua, mimina.
Chota, inua, mimina.
Maji yakianguka kutoka juu hubeba pumzi;
daftari halikuniambia hilo,
nilijifunza jikoni, kwa kupoza uji.

Saa nane mkono ukafa ganzi.
Nikamgongea Ndekirwa.
Akaja na kitenge cha mkewe kiunoni
na sufuria lile kubwa la misibani,
na kwa mara ya kwanza hakuuliza wanaliwa lini.
Tulimimina kwa zamu, bila mazungumzo,
mpaka kengele ya kanisa,
mpaka Kibo kikachungulia kwenye wingu,
weupe wake umelika
kama kipande cha sabuni ya wiki iliyopita.

Tukahesabu. Thelathini na wanane.
Watatu niliwafukia chini ya mgomba.
Ndekirwa aliwatazama wakifukiwa,
akameza mate, akakaa kimya.

Kisha akanyoosha kidole:
"Yule kule pembeni, kidevu kimevimba. Jino?"
Nikainama. Mwanga ulikuwa bado haba.
Jike, amefumba mdomo
kama mtu aliyekabidhiwa siri sokoni.
Sikuweza kumjibu Ndekirwa.

Ndivyo wanavyolea hawa: mayai kinywani,
vifaranga kinywani, njaa tumboni.
Wenzake walipokuwa wakipanua midomo kuomba hewa,
yeye alipumua kidogokidogo, pembeni,
na mdomo uliojaa.
Usiku kucha. Hakutema.
Hakumeza.

Jumamosi nilikaa muda mrefu na kalamu.
Safu ya watoto sikuiandika kitu;
hawahesabiki mpaka awaachie mwenyewe.
Ila chini ya neno la Aminieli
niliongeza langu, mwandiko umepinda:
*Subiri.*

Betri ya gari nimeipata Mbuyuni, kuukuu, kwa mkopo.
Sufuria la Ndekirwa bado liko kwangu.
Nilimpelekea, akakataa kulipokea.
Anasema likae hukohuko kando ya tangi,
umeme wa Moshi anaujua,
na safari hii anataka aamshwe mapema.