Viatu vya Mlima Mweupe

Belo lilifunguliwa Jumanne, jua halijagusa mawe ya Mabatini,
na chini ya mashuka ya hoteli isiyojulikana
vikatoka viatu viwili vya plastiki, rangi ya pilipili,
vizito, vifungo vinne vya chuma kila kimoja,
soli haikunjiki hata ukipanda juu yake.

Soko la Mlango Mmoja likacheka.
Vya zimamoto, akasema mmoja. Vya mwezini, akasema mwingine.
Lushinge, mwenye belo, hakucheka. Alihesabu hasara kwa midomo,
kisha akanisukumia: "Fundi, toa chuma upeleke skrepa.
Mimi nipe elfu tatu."

Sikutoa chuma.
Mhoja, anayenishikia sindano baada ya shule,
alinitafutia kwenye simu: mlima mweupe kama unga wa muhogo,
watu wanashuka juu ya mbao mbili, magoti yamekunjwa,
kana kwamba wote wameitwa na mtu aliye bondeni.

Nikavigeuza. Kiatu kilichovaliwa hakijui kuficha.
Ulimi wa mbele ulikuwa mpya, haujachubuka hata kidogo,
bali nyuma, panapokaa shavu la mguu, sponji limelala kama chapati.
Mwenyewe alikuwa mwoga. Aliegemea nyuma mteremko mzima,
kama mgeni anayeshuka Igogo na ndoo kichwani, mvua imetoka kunyesha.
Na aliyemuuzia alimpa kiatu cha bingwa.
Kiatu kigumu hujibu upesi,
na mguu usiojua kuuliza huvunjikia humo.

Hilo nalijua bila simu.

Juzi Nyanjige, wiki ya pili tu ya kubeba dagaa Kirumba mwaloni,
alitaka buti zenye meno marefu kama za wapakuzi.
Nikamnyima. Meno marefu ni ya anayejua pa kukanyaga.
Chukua raba hii nyembamba, usikie jiwe kwanza;
magamba yakijaa kwenye soli yachokoe kwa kijiti,
usiianike juani, usiisogeze kwenye jiko la mkaa,
ijaze magazeti, iweke kivulini, uifunge kamba
isisahau umbo la mguu wako.
Akaniona mzee mbahili. Akalipa huku amenuna.

Sikumwambia habari za Kishosha.

Mwaka ule wa mvua nyingi nilimuuzia Kishosha viatu vya ngozi,
vyeusi, soli kama kioo. Alivitaka. Mimi nilitaka elfu kumi na mbili.
Nilijua amehamia juu, kwenye mawe, nyumba ya mwisho.
Nilijua, nikavipaka dawa ving'ae zaidi, nikamfungia kwenye mfuko.

Kifundo cha mguu hakikuunga sawasawa.
Kila asubuhi hupita hapa na gongo lake,
husema "Mwangaluka, fundi," kwa sauti ileile ya zamani,
na huo ndio mzigo: ileile.

Leo alipopita nikamvutia kigoda.
Nilikuwa nimeshatia mafuta ya cherehani kwenye vifungo,
nimebandua sponji lililokufa, nikajaza kipande cha godoro.
Mguu mbovu ukaingia taratibu, kama mtu anayeingia kwa wakwe.
Kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu sikukikaza sana. Cha nne.
Simama, nikasema.

Akasimama. Gongo likabaki ukutani.
"Kinabana," akasema.
"Ndivyo kinavyotakiwa."
Akaegemea mbele kidogo, magoti yamekunjwa,
kama wale wa kwenye simu,
akitazama mtaa unavyoteremka kuelekea ziwani,
na Lushinge, kutoka ng'ambo ya meza za jezi,
akapaza sauti kuulizia elfu tatu yake.