Swali la Mwisho

Chemsha bongo, ukumbi wa shule, Ngomeni.
Mwalimu Katana akaanza na la rahisi:
mnyama gani wa Malindi alipelekwa China
karne sita zilizopita, akapokewa kama muujiza?
Twiga! Hilo hata mbuzi wa jirani analijua.

"Na chombo gani kilirushwa angani
kutoka hapa kwetu, baharini,
Disemba kumi na mbili, mwaka wa sabini,
kikazitafute nyota zinazotoa eksirei?"

Kimya.
Feni ikakwaruza. Mtu akakohoa bila kikohozi.

Kisha Kadzo, yule wa karibu na mlango,
anayerudishwa nyumbani kila mwezi kwa karo:
"Uhuru."

Umejuaje?

"Nyanya alikuwa dobi wa Wataliano.
Shati moja lilikuwa na doa la nyanya" –
tukacheka, naye akangoja tumalize –
"akalisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa matusi.
Mwenyewe akasema atalipa wakisharusha.
Wakarusha. Sufuria zikatetemeka rafuni.
Kesho yake mwenye shati akapanda ndege."

Mwalimu akaandika alama kumi ubaoni,
chaki ikamkatikia, akaendelea kwa kipande:
kilizunguka dunia miaka minane na ushei,
kikasaidia watu kulinusa shimo jeusi
linalomeza hata mwanga,
halafu kikashuka, kikaungua hukohuko juu.

"Najua," akasema Kadzo, keshaketi.
"Nyanya husema Uhuru uliungua
na shilingi zake mbili."